Yule wa Dirishani

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu amesafiri asubuhi. Mama mkwe ameanguka akavunjika nyonga, na anahitaji mtu wa kumwinua na kumlaza. Mdogo wake mke wangu ana watoto wadogo na saluni. Sisi ndio tunaoweza kufunga mlango tukaondoka. Hakuna aliyesema kwa nini, na hakukuwa na haja.

Ameniachia maagizo mawili, begi likiwa tayari mkononi. "Yule umwangalie," ndilo la kwanza. La pili: "Ukuta wa uani usiuache ukaota kijani. Nisije nikarudi nikateleza, nikalazwa kitanda kimoja na mama."

Yule ni kangaga, mmea ule wa majani yaliyochanwachanwa kama kitana, unaopenda penye unyevu. Limo ndani ya kopo la maziwa ya unga kwenye dirisha la bafu, upande wa uani, na chini yake lipo pipa la maji ya mvua. Binti yetu alilichimbua kwenye mtaro wa shule, akalikumbatia njia nzima mpaka sare ikawa tope, halafu akatuhutubia juu yake jioni yote. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa na miaka kumi na moja. Nguo tuligawa, vitabu vililiwa na mchwa, ule mtaro wa shule ulifunikwa kwa saruji. Kitu pekee kilicho hai ambacho mkono wake ulikipanda ni hicho kilicho kwenye kopo, na mama yake hajawahi kukiita kitu.

Daftari nimelinunua leo. Mimi ni fundi saa, kimya nimekizoea, ila si kimya cha nyumba hii bila yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Nimesugua ukuta.

Jioni amepiga simu. "Yule hajambo?" Nikasema hajambo. Ndipo akauliza habari zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepindua jani la kangaga nikashtuka. Mgongoni lina vidoa vya kahawia, mistari miwili imenyooka kutoka shinani hadi nchani. Nikapindua la pili, hivyo hivyo. Majani yote yana vidoa. Nikasema huu ni ugonjwa, au ni mayai ya mdudu, na mwenyewe hata wiki haijaisha tangu aondoke.

Kwangu uchafu wote una dawa moja. Saa ikiingia kutu, pamba na spiriti. Basi nimegeuza ndoo nikaikalia, nikafuta jani moja moja, taratibu, kama ninavyofuta magurudumu ya saa. Pamba imeniishia likiwa limebaki jani moja la nyuma, dogo. Kwenye mengine vidoa vyote vimetoka na kangaga linang'aa. Nimejiona fundi kweli.

"Yule hajambo?"

"Hajambo. Leo nimemwogesha."

Amecheka. Kicheko chenyewe hasa, kile cha zamani. Nimelala nikiwa na furaha.

Jumatatu, 10 Machi

Ncha za majani zinabadilika rangi.

Jumanne, 11 Machi

Ni meusi. Yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nimemwagia maji mengi ili nisafishe ile spiriti. Mchana nimemwagia tena. Jioni tena.

"Yule hajambo?" Hajambo, nikasema, na sauti yangu haikutetemeka, jambo lililonitia hofu zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji amekuja. Ni huyo mdogo wake mke wangu, msusi. Anakuja Jumatano na Jumamosi kunipikia na kusafisha, na kazi yake ni ya kupapasa: anafagia pale macho ya mtu yanapofika, basi. Amechungulia bafuni akapiga yowe.

"Shemeji! Huyu umemuunguza na pasi?"

"Fanya kilichokuleta."

"Dada anajua?"

Nikamwambia dada yake akijua kwa mdomo wake, hapa asikanyage tena. Akanitazama kidogo. Kwa kawaida angenitania. Leo amekwenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebeba kopo chini ya mwavuli hadi kwa mama muuza miche, pale kona ya barabara ya soko. Nikamweleza kwamba kangaga langu lilipata ugonjwa wa vidoa.

"Vidoa viko wapi?"

"Nimevifuta."

"Vyote?"

"Vyote. Kwa spiriti."

Akajishika kinywa. "Baba, ule si ugonjwa. Kangaga halitoi ua, halitoi tunda. Mbegu zake ndizo hizo, vumbi la mgongoni. Umefuta watoto wote."

Hakujua anaongea na nani. Nimeshika tama mbele ya duka lake mpaka akanipa kigoda.

Amechomoa mmea kidogo akanusa mizizi. Spiriti imeua majani, na maji yangu ya juzi yameozesha shina. Hautapona, amesema. Ndipo akaliona lile jani dogo la nyuma ambalo pamba haikulifikia. Mgongoni lina vidoa. Amelikata kwa wembe, akalifunga ndani ya gazeti. "Liache likauke. Vumbi litakaloanguka, lipande juu ya udongo uliochemshwa, ndani ya kibakuli chenye kifuniko. Ombea. Mengi hayaoti."

Jumamosi, 15 Machi

Nimefungua gazeti. Vumbi la kahawia, kiasi cha ugoro wa kunusa mara moja. Nimelifungua huku madirisha yamefungwa na pumzi nimeizuia.

Shemeji amenikuta jikoni na sufuria kubwa motoni. "Leo unapika mwenyewe? Nini?"

"Udongo."

"Weka chumvi, shemeji." Halafu ameniona uso, akaacha. Ameshika sufuria upande wa pili tukaimwaga pamoja.

Vibakuli vitatu, viko juu ya meza yangu ya saa. Saa za watu nimezihamishia kitandani, upande wa mke wangu.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna kitu. Shemeji amesugua ukuta, kwa maana kwamba ameusugua ule upande unaoonekana. Nimemwambia nyuma ya pipa nako kuna ukuta. Amesema amepitisha brashi. Brashi ilikuwa kavu nusu.

Jumanne, 1 Aprili

Shina la kangaga limelainika kama ndizi iliyoiva sana. Nimelichomoa na kulizika uani. Kopo nimelirudisha dirishani na udongo wake.

"Yule hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie namsalimu."

Nimekwenda bafuni nikamsalimu. Sikutaka uongo uwe mwingi kuliko ulivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Kibakuli kimoja kimekufa. Kimeota manyoya meupe udongo mzima ndani ya siku mbili. Nimekitupa mbali, nimenawa mikono kama daktari.

Nimejifunza kuwa kuna ukungu na ukungu. Upo ukungu wa kwenye kifuniko, yale matone ya jasho. Huo usiuguse, ndio unaowanywesha. Na upo ukungu wa kwenye udongo, ule mweupe. Huo ukiuona, toa haraka kwa kijiko cha moto. Shemeji amesikiliza akasema nimekuwa kama mama mzazi.

Nimesugua ukuta.

Jumamosi, 26 Aprili

KIJANI. Ni utando tu, kama rangi iliyopakwa kwa kidole, lakini upo kwenye vibakuli vyote viwili. Nimemshika shemeji mkono nikamvuta hadi mezani. Ameinama akatazama. "Sasa hii na ile tunayosugua ukutani ina tofauti gani?" Nimemwambia asinichafulie siku.

Nimepika chai ya watu wawili. Amekunywa yake akiwa amesimama mezani, akiwatazama.

Jumatano, 14 Mei

Nimebana lenzi ya kazi jichoni, nikainua kifuniko kidogo. Utando si utando. Ni vijani vidogo kuliko kucha ya sisimizi, vimelala kifudifudi juu ya udongo, kila kimoja kina umbo la moyo. Nimefungua saa nyingi maishani na sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa kwa usafi ule. Mama muuza miche amesema hivyo ndivyo vinavyoanza. Majani ya kitana yatachomoza katikati ya kila moyo, maji yakitosha.

Nilitaka kumpigia mke wangu nimweleze yote. Nikaona nisubiri jani la kwanza, nimwambie nikiwa na kitu mkononi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimesugua ukuta. Unaota haraka mwaka huu.

Ijumaa, 23 Mei

Mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa pili, na mke wangu ananihitaji huko. Naondoka leo. Shemeji amekubali kulala hapa na watoto wake.

Nimemwonyesha vibakuli. Teksi ilikuwa inapiga honi. "Ukiona ukungu usifunue," nimemwambia. "Waache hivyo hivyo."

"Nimeelewa, shemeji. Nenda."

Jumatano, 28 Mei

Nimerudi.

Huko nilikaa na mke wangu benchi moja, tukala sahani moja. Amekonda. Kila jioni aliniuliza uso kwa uso, "Ulimwacha hajambo?" na nikamwambia ana watoto sasa. Kweli nilisema hivyo! Alinishika mkono. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga nitakavyomweleza mengine.

Nimefungua mlango, nimekwenda mezani kabla ya kuvua viatu. Vibakuli vyote viwili ni vyeupe. Manyoya kutoka ukingo hadi ukingo, yamesimama hadi yanagusa kifuniko. Nimekoroga kwa kibanio cha kazi nikitafuta hata moyo mmoja. Vilikuwa vimekuwa uji.

Shemeji alitoka jikoni anatabasamu. Anatabasamu! "Sijagusa hata kidogo. Mwanangu alitaka kufunua nikamchapa."

"Umeona ukungu ukauacha?"

"Si ulisema nikiona ukungu nisifunue?"

"Wa kwenye kifuniko! Nilisema wa kwenye kifuniko!"

"Ulisema ukungu, shemeji. Nimekaa hapa naulinda huo ukungu wako kama mayai. Sasa mimi ningejuaje?"

"Nilikueleza! Mwezi uliopita nilikueleza, na kijiko cha moto!"

"Mwezi uliopita! Na ukaondoka ukasema neno moja mlangoni!"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikamwambia kuwa yeye ana watoto tele, hawezi kujua thamani ya mmoja. Nikamwambia ni mvivu tangu nimjue, kwamba hata nyuma ya pipa hajawahi kupeleka brashi.

"Nimesugua!" akapiga kelele. "Kila Jumamosi nimesugua!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Amekusanya watoto, amechukua mkoba, ametoka mvuani bila mwavuli.

Chiriku alipokuwa hospitali huyu ndiye aliyemsuka nywele mara ya mwisho. Nimekumbuka baada ya mlango kufungwa.

Jumapili, 1 Juni

Mvua. Sijala kitu cha maana.

Jumatano, 4 Juni

Shemeji hajaja. "Yule hajambo? Na watoto wake?" Hawajambo, nikasema.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kwa mama muuza miche. Analo kangaga moja linalofanana, majani yale yale, hata kopo nimefikiri litalitosha. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mke wangu angekuja, angelisalimu, angelimwagilia miaka yote iliyobaki, naye angekuwa anamsalimu mgeni. Nimerudi mikono mitupu.

Jumatatu, 9 Juni

Mteja amekuja kudai saa yake. Nimeikuta chini ya mto wa mke wangu, inatembea vizuri kabisa. Nyumba nzima inatembea vizuri isipokuwa mimi.

Ukuta sijausugua tangu nirudi. Na uote.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe anatembea kwa fimbo. Mke wangu anarudi Jumapili.

Maji yamenifika shingoni. Nimejaribu maneno mbele ya kioo cha kunyolea na kila neno linaanza na "spiriti." Nilimpoteza mtoto nisiweze kufanya lolote, na hakuna aliyenilaumu. Huyu nimemuua kwa mikono yangu, kwa uangalifu, jani moja moja.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejikaza. Nikasema agizo la kwanza limenishinda, basi la pili nilitimize, asije akateleza. Nimechanganya sabuni na dawa ya kung'arishia nguo, nimechukua brashi ngumu, nimeanza juu, chini ya dirisha. Kijani kilikuwa kimeshika kweli. Kilikuwa kinabanduka kwa mapande. Nilikuwa nasugua huku natukana, sijui namtukana nani.

Nimefika chini nikageuza brashi kuikung'uta. Pande moja likanishika kidoleni. Nimelitazama kwa sababu macho yangu yamezoea kutazama vitu vidogo.

Lilikuwa na umbo la moyo.

Nimekimbilia lenzi na povu mkononi. Mioyo, brashi nzima. Katikati ya mmoja kulikuwa na kitu kilichojikunja, jani la kitana lisilozidi nusu ya punje ya mchele.

Nimekaa sakafuni uani mvua ikininyeshea. Miaka yote hiyo yule amekuwa dirishani akimwaga vumbi lake chini, kwenye ukuta wenye unyevu. Watoto wake walikuwa pale. Nilikuwa nachemsha udongo ndani na kuzuia pumzi, halafu natoka nje na brashi. Nimewasugua Machi, nimewasugua Aprili, nimewasugua leo. Shemeji aliniuliza tofauti ni nini nikamwambia asinichafulie siku.

Nimeupitia ukuta wote na lenzi. Saruji tupu, nyeupe, safi, inanuka dawa.

Nyuma ya pipa sikuweza kuona. Limekaa ukutani kabisa, limejaa hadi mdomoni, haliendi kwa mtu mmoja. Nimemulika tochi nikaona utando wa buibui. Ningeweza kumwaga maji yote lisogee. Nimeogopa. Kama shemeji naye amesugua huko, sitaki kuwa peke yangu nitakapojua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda saluni. Wateja wawili wamekaa, mmoja kichwa nusu kimesukwa. Shemeji ameniona kwenye kioo, hakugeuka.

"Shemeji, naomba nikuulize kitu kimoja. Nyuma ya pipa, ulisugua?"

Mikono yake imesimama. "Umenifuata mpaka kazini kwa ajili ya pipa?"

"Niambie tu."

"Nimesugua. Nilishakwambia."

"Niambie hukusugua."

"Nimesugua kila Jumamosi, na sabuni, na maji ya moto! Unataka niape mbele ya wateja?"

Nimepiga magoti. Mzee mzima, kwenye nywele za watu. Nimemwambia yale maneno ya siku ile yalikuwa ya kipumbavu na hayakustahili kutoka mdomoni mwangu. Halafu nimemwambia habari ya ukuta, na mioyo, na brashi. Nimesema, kwa heshima zote, namuombea awe ni mvivu.

Yule mama mwenye kichwa nusu ndiye aliyesema kwanza: "Dada, mwambie ukweli."

Shemeji ameuma mdomo. "Sijawahi," akasema. "Hata siku moja. Nani ataingiza mkono kule? Kuna buibui."

Nimelia pale pale, nikamkumbatia miguu, na wateja wakacheka, naye akanipiga kichwani na kitana.

Tumekwenda nyumbani sote, mteja tumemwacha na kichwa chake. Tumechota maji ndoo kwa ndoo, tumeyamwaga barabarani ili yasipite ukutani. Tumelishika pipa huku na huku. "Taratibu, shemeji, usikwaruze." Limesogea.

Nimempa lenzi yeye kwanza. Nilimwona bega likianza kutikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipogeuka.

Jumapili, 15 Juni

Amefika adhuhuri. Hakukaa. Amekwenda bafuni moja kwa moja na begi mkononi, akalikuta kopo na udongo mtupu.

Nimemwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Nimeanza na spiriti, nikamaliza na dawa ya nguo. Hakunikatiza. Amekaa juu ya ile ndoo.

"Siku uliyoniambia umemwogesha."

"Ndiyo siku niliyomuua."

"Na mimi nikacheka."

"Ukacheka."

"Kila jioni, baba. Kila jioni nimekuuliza."

Amelia kwa sauti, mikono kichwani, kwa namna ambayo hakulia hata siku ile tunatoka makaburini, kwa sababu siku ile alikuwa ananishikilia mimi. Nimekaa sakafuni karibu naye. Hakuniruhusu nimguse, na hakuniambia niondoke. Tumekaa mpaka mvua ikapungua.

Kisha nimesema, "Njoo uani. Si kwa ajili ya kunisamehe. Njoo tu."

Amekuja. Ameona pipa katikati ya uwanja, ameona ukuta mweupe, na nyuma, pale pipa lilipokuwa, umbo la kijani kama kivuli chake. Nimempa lenzi, nikamwonyesha namna ya kuibana jichoni. Amepiga magoti kwenye maji na gauni lake la safari, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia saruji.

Amekaa hivyo. Nikasubiri. Nimesubiri mpaka nikashindwa, nikauliza swali lililokuwa lake msimu mzima.

"Yule hajambo?"

Hakutoa jicho kwenye lenzi. Mkono mmoja ulinyooka nyuma ukanitafuta, ukaupata mguu wa suruali yangu, ukaushika.

"Hawajambo," akasema.